Muhuri wa Dirisha la Saba

"Sisaini," Bharti alisema, akaisukuma karatasi kwa ncha ya kidole mpaka ikafika upande wa pili wa meza.

Bwana Harrison, meneja wa ofisi ya leseni za magari ya Elmcote, Wembley, aliirudisha mbele yake na kuiwekea kalamu juu.

"Bibi Bharti, hii ni barua ya kujiuzulu tu. Haisemi popote kwamba umeiba. Ukisaini, unaondoka kimya kimya. Usiposaini, Ijumaa saa sita mchana faili la ofisi linakwenda polisi, na jina lako ndilo la kwanza."

"Liende."

"Umefikiri vizuri?"

"Tangu Jumatatu nafikiri. Sikupiga mihuri ile. Kwa nini nijiuzulu kwa jambo ambalo sikulifanya?"

Alisimama, akanyoosha sari yake chini ya sweta la bluu la ofisi, akatoka bila kufunga mlango.

Mardhiya Matar alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani, koti hajalivua. Alikuwa ametumwa asubuhi ile ya Jumatano kutoka idara ya ukaguzi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mzaliwa wa Malindi, Unguja. Kabla ya Mapinduzi alikuwa karani wa leseni za magari huko kwao, na kazi hiyo ndiyo aliyoishika tena baada ya kufika London mwaka wa sitini na nne. Katika idara yake alijulikana kwa jambo moja: hakuwa mwepesi wa kuandika neno "nimeridhika."

"Umemwona," Harrison alisema. "Kiburi kitupu. Mambo yenyewe ni mepesi kabisa."

"Nieleze hivyo hivyo kwa wepesi wake."

Harrison alihesabu kwa vidole. Magari kumi na manne yaliibwa sehemu mbalimbali za jiji. Kila moja lilivishwa namba ya gari jingine la aina ile ile, lililokwisha kufa kwa ajali na kukatwakatwa skrepa. Kisha mtu akajaza fomu ya kuomba kitabu kipya cha usajili wa gari, akidai cha zamani kimepotea. Fomu zote zilipigwa muhuri wa dirisha la saba, maana yake karani wa dirisha hilo ametazama na kukubali. Zikatiwa kwenye gunia la posta, zikaenda kituo kikuu Swansea, na kule kompyuta ikatoa vitabu vipya safi. Mwezi Mei polisi walisimamisha gari moja, wakakuta namba ya injini hailingani na kitabu. Wakavuta uzi, yakatoka kumi na manne.

"Dirisha la saba ni la Bharti," Harrison alimalizia. "Na gari moja limekutwa Hounslow, kwenye yadi ya shemeji yake. Unataka nini zaidi?"

"Fomu zina tarehe gani?"

"Februari na Machi. Kabla ya agizo."

Mardhiya alilijua agizo hilo. Kuanzia tarehe mosi Aprili, hakuna kitabu kipya bila gari kuletwa na kukaguliwa. Fomu zilizokwisha kupokelewa kabla ya hapo ziliachwa zipite.

"Nitahitaji vitabu vya ofisi, funguo za stoo, na siku mbili."

"Huna siku mbili." Harrison aliinuka, akafunga mlango aliouacha wazi Bharti. Sauti yake ilishuka. "Bibi Matar, unajua ofisi hii inaishi vipi? Tunakusanya kodi ya barabara kutwa nzima, na yote inakwenda Hazina. Hata ya kununulia wino haibaki hapa. Sisi tunaishi kwa kifungu cha fedha ambacho Bunge linapitisha kila mwaka, na kifungu kinafuata idadi ya watumishi. Zamani tulikuwa chini ya halmashauri, kila halmashauri na kadi zake za magari, na aliyetaka kutufunga alikuwa na kazi kubwa. Sasa kadi zote zinahamia Swansea, sisi tumebaki madirisha. Ijumaa mchana napeleka orodha ya watumishi. Ofisi yenye uchunguzi ambao haujafungwa haipewi nafasi za watumishi. Isiyopewa nafasi mwaka huu inafungwa. Watu kumi na mmoja watakosa kazi."

"Kumi na wawili," Mardhiya alisema, "ukimhesabu na Bharti."

Akachukua mkoba wake.

Aliyemfungulia stoo alikuwa mzee Mwadini Seif, mtunza vifaa na kadi. Alimwona tu, uso ukamchanua.

"Mtoto wa Matar! Wamekuleta wewe? Basi tumepona."

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekonda."

Mwadini naye alikuwa mtu wa Unguja, wa Mkunazini, rafiki wa marehemu baba yake. Mwaka wa sitini na nne alikuwa ametangulia kuyakimbia Mapinduzi, na ndiye aliyempokea Mardhiya bandarini na kumweka kwake miezi minne. Alimwonyesha makabati ya chuma yaliyojipanga mpaka ukutani: upande wa kushoto magari yaliyo hai, upande wa kulia yaliyokufa. Kadi za wafu zilikuwa na mstari mwekundu.

"Na mihuri?"

"Mihuri ya akiba ile kwenye sefu. Kila muhuri una namba ya dirisha lake, na kila unaotoka au kuingia unaandikwa kwenye daftari lile." Akapunguza sauti. "Usijichoshe sana. Yule binti wa Kihindi ameshakwisha."

Mardhiya alimkuta Bharti kwenye chumba cha chai, peke yake. Wenzake walikuwa wameacha kukaa naye. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka cha Tanga, alikozaliwa na kusomea.

"Dada, umetumwa kunifukuza au kuniuliza?"

"Kukuuliza."

"Basi uliza."

"Ukienda kula, muhuri unauacha wapi?"

"Droo ya dirisha, nimeifunga. Ufunguo huu hapa." Alivuta mkufu kutoka shingoni. "Hata msalani nakwenda nao."

"Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuushika?"

"Ulipokwenda kutengenezwa tu. Mpira ulikuwa umechanika. Nililalamika tangu Januari, wakanipa jibu Aprili. Lakini hilo halinisaidii. Orodha ya bwana mkubwa inasema Februari na Machi, na miezi hiyo nilikuwa nao mimi. Siwezi kusema uongo."

"Fomu zenyewe umeonyeshwa?"

"Orodha ya taipu tu. Fomu zilikuwa Swansea."

Sasa zilikuwa ndani ya mkoba wa Mardhiya, lakini hakuzitoa. Mtu anayeulizwa haonyeshwi kitu kabla hakijapimwa.

"Kishor ni nani wako?"

"Mume wa dada yangu. Anauza magari Hounslow, ndiyo. Na mume wangu anafanya kazi uwanja wa ndege. Ndege ikipotea mtakuja kuniuliza mimi?"

"Gari moja kati ya yale kumi na manne liko kwenye yadi yake."

Bharti alitazama kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa mbele yake.

"Hakuniambia," alisema. "Kamuulize. Usimhurumie kwa ajili yangu."

Alhamisi asubuhi Mardhiya alipanda mabasi mawili mpaka Hounslow. Sherehe ya Malkia kutimiza miaka ishirini na mitano ya utawala ilikuwa imepita wiki moja tu, na vibendera vilikuwa bado vimening'inia juu ya maduka, vimelowa mvua. Yadi ya Kishor ilikuwa nyuma ya duka la matairi. Magari kama ishirini yalikuwa yamepangwa, na nyuma yao moja limefunikwa turubai.

Kishor alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini, mikono imejaa grisi. Alipoona kitambulisho cha Mardhiya aliweka spana chini kwa kishindo.

"Mmekuja lini? Mmekuja leo! Mimi nimewaandikia tangu mwezi uliopita!"

"Umemwandikia nani?"

"Ninyi! Ofisi ya Elmcote!"

Alimwongoza mpaka kwenye turubai, akalivuta. Lilikuwa gari dogo la bluu, na polisi walikuwa wamebandika karatasi ya kukataza lisiondolewe.

"Nililinunua mnadani mwisho wa Aprili. Kitabu kizuri, kipya, kinanukia wino. Nikafurahi. Nikalileta hapa, nikaanza kulisafisha." Akafungua boneti. "Tazama bati la chesisi. Gari lina miaka saba. Ribiti hizi nne zinazolishikilia zina miaka mingapi?"

Ribiti ziling'aa kama za jana.

"Tazama na hapa." Aliinua zulia chini ya kiti cha dereva. Bati lilikuwa jeupe. "Kitabu kinasema bluu tangu lizaliwe. Nani anapaka gari rangi akaanza na bluu, halafu nyeupe chini ya zulia?"

"Kwa hiyo ukafanya nini?"

"Nikaandika barua. Naomba ofisi itoe kadi ya zamani ya gari hili, inisomee namba ya injini. Basi." Akaingia kwenye kibanda, akarudi na faili. Ndani mlikuwa na nakala ya barua ya tarehe tisa Mei, na kadi ya posta ya kuthibitisha kwamba barua imefika. "Niliituma kwa rejista. Waliipokea tarehe kumi na moja. Kimya mpaka leo. Badala yake wakaja polisi, wananiuliza shemeji yangu ananipa vitabu vingapi."

"Kwa nini hukumwambia Bharti? Yuko pale pale."

"Ndiyo maana sikumwambia! Ningemwambia, mngesema tumepanga. Nilipita mlango wa mbele kama mteja yeyote. Nimekosa?"

"Hukukosa."

Mardhiya aligeuza kadi ya posta. Chini, kwenye nafasi ya mpokeaji, palikuwa na saini ya wino wa kijani. Aliisoma, akaisoma tena.

"Hii naichukua. Nitakuandikia kwamba nimeichukua."

"Chukua. Na ukiona meneja wako mwambie gari hili siliuzi. Hata nikilala nalo hapa mpaka lioze, siliuzi."

Ndani ya basi la kurudi Mardhiya aliandika mistari mitatu kwenye daftari lake. Mtu aliyenunua kitabu cha bandia kwa kujua hawezi kuiandikia ofisi barua ya rejista akiomba kadi itazamwe. Barua ilifika. Aliyeipokea ameinyamazia.

Saini ilisomeka: M. Seif.

Mchana huo aliomba vishina vyote vya fomu za dirisha la saba, kuanzia Januari. Kila fomu ilikuwa na kishina kinachobaki ofisini, kimepigwa muhuri ule ule. Aliletewa boksi mbili. Akaketi kwenye meza ya nyuma, karibu na dirisha, akatoa kioo cha kukuzia, akapanga fomu kumi na nne upande mmoja na vishina upande wa pili.

Muhuri ulikuwa duara, namba saba katikati, tarehe chini yake. Kwenye vishina vya Januari duara lilikuwa na pengo dogo upande wa kushoto chini, mahali mpira ulipochanika. Februari, pengo lile lile. Machi, pengo limepanuka, wino umeanza kuvuja pembeni.

Kwenye fomu kumi na nne duara lilikuwa zima.

Alizitazama moja moja. Tarehe saba Februari, tarehe kumi na tisa Februari, tarehe mbili Machi, tarehe ishirini na nane Machi. Zote zima, zote wino wa ukali mmoja, kama zilizopigwa kwa kikao kimoja.

Alimwita Surinder, karani wa dirisha la sita, mwanamke wa makamo aliyetoka Nakuru.

"Mwezi wa Aprili Bharti alikuwa akitumia muhuri gani?"

"Namba kumi na mbili, ya akiba," Surinder alisema mara moja. "Wake ulikuwa kwa fundi. Alinisumbua kila siku na kulalamika, eti tarakimu za ule wa akiba hazizunguki."

"Mpaka lini?"

"Baada ya Pasaka. Siku gani sikumbuki."

Daftari la mihuri lilikumbuka. Muhuri namba saba, umekwenda kwa fundi tarehe mosi Aprili. Umerudi tarehe sita, umepokewa na M. Seif. Umekabidhiwa dirisha la saba tarehe kumi na nne, umesainiwa na Bharti.

Basi fomu zilipigwa baada ya muhuri kutengenezwa, na tarehe zikarudishwa nyuma ili zikwepe agizo. Lilibaki jambo moja. Bharti angeweza kuwa ameupata muhuri tarehe kumi na nne, akarudisha tarakimu za tarehe nyuma na kupiga. Mardhiya aliinua simu, akaomba Swansea, akasubiri robo saa nzima huku karani wa kule akitafuta orodha ya magunia.

"Fomu hizo kumi na nne," sauti ilisema, "zilikuja kwenye gunia la Elmcote lililofungwa na kuandikishwa kwenu tarehe kumi na tatu Aprili."

"Kumi na tatu. Una hakika?"

"Nimeishika karatasi mkononi, bibi."

Tarehe kumi na tatu fomu zilikuwa zimekwishapigwa na kutiwa guniani. Tarehe kumi na nne ndipo Bharti aliposhika muhuri wake. Kati ya tarehe sita na kumi na tatu muhuri mzima ulilala kwenye sefu ya stoo. Mardhiya alifungua kitabu cha mahudhurio. Harrison alikuwa likizoni tangu tarehe nne mpaka kumi na nane, na funguo zake za sefu zilikuwa zimefungwa kwa lakiri ndani ya bahasha ambayo, kwa mujibu wa kitabu hicho, aliikuta haijavunjwa aliporudi. Alibaki mwenye funguo mmoja, na huyo huyo ndiye aliyekaa na kadi zenye mstari mwekundu, akijua gari gani limekufa na la rangi gani.

Mardhiya alirudisha vishina kwenye boksi kimoja kimoja, kwa mpangilio wake, mpaka kengele ya kufunga ofisi ikalia.

Ijumaa saa nne asubuhi aliingia stoo. Mwadini alikuwa akifunga kadi kwa kamba, mafungu ya kwenda Swansea.

"Ami, kaa kidogo."

"Nasikia huku huku."

Mardhiya aliweka kadi ya posta ya Kishor juu ya meza. Pembeni yake akaweka fomu moja na kishina kimoja.

Mwadini alitazama. Mikono yake iliendelea kufunga kamba mpaka fundo likakamilika. Kisha akavuta kiti.

"Ulikuwa mtoto mwenye macho," alisema. "Marehemu baba yako alikuwa akisema hivyo."

"Barua ya Kishor iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Nani alikuwa akikuletea maombi ya namba?"

"Hilo hulipati kwangu. Wala polisi hawalipati."

"Kwa nini, ami?"

Mzee alicheka, lakini macho hayakucheka. "Kwa nini? Miaka kumi na mbili niko kwenye chumba hiki. Tangu enzi za halmashauri. Mameneja watatu nimewafundisha kadi inasomwaje, akiwemo huyu Harrison. Unajua kwenye orodha yake anaiandika vipi kazi yangu? Ya muda. Miaka kumi na mbili mimi ni wa muda! Kadi ya mwisho ikitoka hapa, nami natoka, bila pensheni, bila hata barua. Magari yanapewa kitabu. Mimi sina. Nikasema nami nichukue changu kabla mlango haujafungwa. Sijuti, Mardhiya. Andika hivyo: hajuti."

"Nitaandika. Lakini nijibu moja. Kama ugomvi wako ni na Harrison, muhuri wa Harrison uko kwenye sefu hiyo hiyo. Mbona hukuupiga huo?"

Mwadini aliisukuma fomu kando kwa kidole.

"Ulichukua wa Bharti. Ulijua ana shemeji muuza magari. Ulijua wataamini haraka."

"Yule si wa kwetu," Mwadini alisema, na sauti ikapanda. "Wewe ni wa kwetu. Nani alikupokea bandarini? Nani alikulisha miezi minne? Leo mchana wangemfukuza, angepata kazi kwa ndugu zake, mambo yangekwisha. Unaniuza mimi kwa ajili ya nani?"

"Ulinipokea wewe. Sijasahau, na sitasahau." Mardhiya alikuwa amesimama, vidole vimeshika ukingo wa meza. "Lakini maneno hayo niliyasikia mlangoni petu Unguja mwaka ule. Walikuwa wakiuliza nyumba hii ni ya wa kwetu au si ya wa kwetu. Na wewe uliyasikia. Sikuja mpaka huku ili niyaseme mimi."

Nje, madirishani, makarani walikuwa wakiita wateja kwa namba.

Mwadini alichukua kofia yake msumarini, akaivaa, akaketi tena, mgongo umenyooka.

"Mwite Mzungu wako," alisema. "Sikimbii."

Harrison aliisoma ripoti mara mbili akiwa amesimama. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro robo.

"Mwadini," alisema. "Alikuwa hapa kabla yangu."

"Nami nimeliandika hilo. Ukurasa wa tatu."

Aliufungua ukurasa wa tatu, akausoma, uso ukamwiva. Mardhiya alikuwa ameandika jinsi mtu mmoja alivyoachiwa kadi, sefu, mihuri na barua za rejista kwa pamoja, kwa sababu ofisi iliona ni rahisi kumwongezea kazi mtu wa muda kuliko kuomba nafasi ya pili.

"Hili halikuwa sehemu ya kazi yako."

"Ndiyo kazi yangu hasa."

"Sikiliza." Harrison aliketi. "Tunaweza kulimaliza leo. Mwadini aondoke. Bharti tumtafutie ofisi nyingine, mbali kidogo, watu wasahau. Faili linafungwa, orodha inakwenda, kila mtu anabaki na kazi."

"Aliyeleta magari hajapatikana. Faili linabaki wazi."

"Watatufunga!"

"Waandikie kwamba ofisi imekuta kosa lake yenyewe na kulisema. Nami nitawaandikia hivyo hivyo. Wakiifunga kwa sababu hiyo, waifunge wakijua wanafunga nini. Jina la mtu asiye na kosa silitumii kuzibia pengo kwenye orodha yako."

Mlango ulikuwa wazi, na Bharti alikuwa amesimama pale. Alikuwa ameitwa na Surinder, na alikuwa amesikia ya kutosha.

Harrison alikohoa. "Bibi Bharti. Inaonekana palitokea... Nenda nyumbani upumzike. Wiki moja, kwa malipo. Halafu tutazungumza juu ya uhamisho."

"Sijachoka," Bharti alisema. "Na sihami. Waambie wote wa nje, sasa hivi, kwa sauti ile ile uliyowaambia Jumatatu kwamba mimi ni mwizi."

"Jumatatu sikusema neno hilo."

"Uliwaambia wafunge mikoba yao mbele yangu."

Harrison alimtazama Mardhiya kama anayetafuta msaada. Mardhiya alikuwa akifunga mkoba wake mwenyewe na hakuinua kichwa. Meneja akainuka, akatoka mpaka katikati ya ukumbi, akawasimamisha makarani na kuzungumza mbele ya wateja thelathini waliokuwa foleni. Maneno yake yalikuwa machache, na sikio lake la kushoto lilikuwa jekundu muda wote. Surinder peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Polisi wawili walifika saa saba. Mwadini alitoka katikati yao bila pingu, akawaaga makarani mmoja mmoja kwa majina. Alipopita dirisha la saba hakugeuka. Bharti naye hakuinua macho kutoka kwenye fomu aliyokuwa akiijaza.

Mardhiya hakurudi idarani. Alipanda basi mpaka Harlesden, akapanda ngazi za nyumba aliyoijua, akabisha hodi. Jua lilikuwa bado kali. Aliyefungua ni Bi Ummukulthum, mke wa Mwadini, leso kiunoni, mikono ina unga.

"Mardhiya! Leo siku ya kazi, imekuwaje? Ingia."

"Nitasema hapa hapa, bi mkubwa. Ami amekamatwa. Ni mimi niliyeandika ripoti."

Alimweleza yote pale mlangoni: muhuri, fomu, barua iliyochomwa, jina la Bharti. Hakupunguza wala hakupamba. Bi Ummukulthum alisikiliza akiwa ameshika fremu ya mlango, na unga ukaacha alama za vidole vyake kwenye rangi.

"Huyo mwanamke," aliuliza, "ana watoto?"

"Wawili."

"Amerudi kazini?"

"Amerudi leo leo."

Bi Ummukulthum alifuta vidole kwa leso yake. Jirani alipita ngazini na kikapu, akasalimu kwa Kiingereza, wote wawili wakaitikia.

"Kituo gani cha polisi?"

"Twende pamoja, nikupeleke."

"Sikukuuliza nani atanipeleka. Nimeuliza kituo gani."

Mardhiya akamtajia. Bi Ummukulthum aliingia ndani, maji yakasikika bombani, akarudi amevaa koti juu ya nguo yake ya kutwa na mtandio kichwani. Akafunga mlango kwa funguo mbili. Mardhiya alinyoosha mkono kumshika kwenye ngazi.

"Leo usinishike," Bi Ummukulthum alisema. "Umefanya ulilopaswa kufanya, na sitaruhusu mtu akutukane mbele yangu, ndugu wala jirani. Nami nakwenda kumuuliza mume wangu kwa mdomo wangu aliwaza nini. Lakini leo, usinishike."

Alishuka peke yake, akavuka barabara bila kugeuka, akasimama kituo cha basi. Basi likaja. Dereva alingoja, akidhani kwamba Mardhiya, aliyekuwa amesimama ukingo wa pili wa barabara, naye anapanda. Bi Ummukulthum akamwambia aondoe gari.